Mahali Penye Usemi: Isimu na Uteuzi wa Mahali pa Kupigia Filamu za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona mwanaisimu akipanda jukwaani kuzungumzia filamu. Kazi ya kutafuta mahali pa kupigia filamu, ambapo wasanii wetu hupaita "lokesheni", imezoeleka kuwa ya mwongozaji, mpiga picha na mwenye fedha. Wao huuliza: Je, mahali hapa panapendeza machoni? Panafikika? Pana umeme? Kibali hutolewa na nani? Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba lipo swali jingine ambalo husahauliwa mara kwa mara: mahali hapo pana usemi gani?

Hoja yangu ni kwamba pwani yetu, mashamba yetu na miji yetu ya kale si pazia la kutundikwa nyuma ya waigizaji. Kila mahali pana msamiati wake na lahaja yake. Filamu inayochukua sura ya mahali na kuuacha usemi wake huwa imechukua nusu tu.

2.0 Pa, ku na mu

Sarufi ya Kiswahili inatupa kipimo kizuri cha kuanzia. Kama ilivyo katika lugha nyingine nyingi za Kibantu, Kiswahili kina upatanisho wa aina tatu kwa mahali. Tukisema "nyumbani pana wageni", tunafikiria mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Tukisema "nyumbani kuna wageni", mahali hapo ni pa jumla na mipaka yake haikuwekwa wazi. Tukisema "nyumbani mna wageni", tumekwisha kuingia ndani. Nomino ni ile ile. Kilichobadilika ni msimamo wa msemaji. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya siku hizi "kuna" inaelekea kuzimeza "pana" na "mna", lakini tofauti hiyo ingali hai katika sarufi yetu.

Filamu nazo zina misimamo hiyo mitatu. Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika. Jina lake ni neno la Kiswahili, nyika yake ni ya kweli na wanyama wake ni wa kweli; ila wenyeji wamebaki pembeni mwa kisa cha wageni wanaokamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za nje. Hiyo ni filamu ya ku: huko Afrika, popote pale.

Tusiwalaumu wageni peke yao. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 zilipigwa Dar es Salaam, sebuleni na getini, kwa sababu bajeti ilikuwa finyu. Hadithi ilipohitaji kijiji, mara nyingi ilionekana kuwa kibanda cha makuti na kinu vinatosha. Mtazamaji hakujua yuko Uzaramo au Unyamwezi, wala usemi wa wahusika haukumsaidia kujua. Hiyo nayo ni ku, japo imetengenezwa na wenyewe.

3.0 Mashambani

Mfano wa kinyume tunaupata Kenya. Filamu ya Supa Modo (2018), iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inamhusu mtoto mgonjwa ambaye wanakijiji wenzake wanamsaidia kuwa shujaa wa filamu. Kijiji hapa hakikuwekwa ili kupamba picha. Njia zake na watu wake ndio kisa chenyewe, na wahusika huzungumza Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza kwa kubadilishana, kama ambavyo watu huzungumza katika vijiji vingi vya Kenya. Mchanganyiko huo wa lugha unatuonyesha mahali kwa uhakika kuliko kilima chochote.

Hata neno "shamba" lenyewe linataka uangalifu. Kwa Mzanzibari, kwenda shamba si lazima iwe kwenda kulima. Ni kutoka mjini na kuingia katika maisha ya aina nyingine. Anayetafuta mahali pa kupigia filamu Unguja na kuomba aonyeshwe "shamba", huku akiwaza ekari za mahindi, ataelekezwa kusiko.

4.0 Pwani

Wavuvi wana maarifa ambayo kikosi cha filamu hakiwezi kuyakwepa, na maarifa hayo yamo katika maneno. Bamvua ni kipindi cha mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni kipindi ambacho tofauti hiyo hupungua. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Paje na Jambiani, bahari ya bamvua ikipwa huacha uwanja mpana wa mchanga na matumbawe, na wanawake huingia humo kushughulikia mwani na kutafuta pweza. Tena kila siku kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwongozaji aliyepiga nusu ya mazungumzo saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa, akirudi baada ya juma moja saa ile ile atayakuta maji yamejaa, na onyesho lake litakuwa na bahari mbili. Mzee wa pwani angemwambia hayo kwa neno moja, lau angeulizwa.

Filamu zilizokaa na wenyeji zipo. Aisha (2015), iliyoongozwa na Chande Omar, ilitengenezwa Pangani na shirika la UZIKWASA, ambalo makao yake yako huko huko. Subira (2018) ya Ravneet Sippy Chadha inamfuata msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini. Katika kisa hicho bahari ni jambo analokatazwa, wala si mapambo ya picha. Kisa kama hicho hakiwezi kuhamishiwa ufuo wowote ule bila kupoteza maana.

5.0 Miji ya kale

Lamu inatufikisha kwenye mahali pa kihistoria. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Kila mpiga picha huvutiwa na kuta hizo. Lakini nyumba ya mawe ya Lamu ina mpangilio unaosomeka kwa majina: daka mlangoni, kiwanda ambacho ni ua, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, penye zidaka ukutani. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Mpangilio huo ni adabu iliyojengwa kwa mawe: mgeni hupokewa dakani, na ndani ni kwa wenyewe. Filamu inayomwingiza mgeni moja kwa moja hadi ndani, eti kwa kuwa zidaka zinapendeza, imesema uongo kuhusu nyumba hiyo hata kama haikutamka neno.

Ikitamka, kosa linaweza kuwa kubwa zaidi. Mwenyeji wa Lamu husema "moya" kwa moja, "mato" kwa macho, "nti" kwa nchi. Tukimketisha bibi wa Kiamu dakani na kumpa maneno ya taarifa ya habari, tumemfanya mgeni kwake.

Unguja inatufundisha jambo jingine. Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950. Hadithi hiyo haieleweki bila kuijua tofauti kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Leo sehemu hizo mbili zimeungana kwa nchi kavu. Zamani zilitenganishwa na mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Maji hayaonekani tena, lakini majina yamebaki: Ng'ambo, yaani upande wa pili, na Darajani, palipokuwa na daraja. Jicho halioni mpaka huo. Lugha ndiyo inayouonyesha.

Kuta nazo hazidumu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka. Jengo likianguka tunasikia kishindo. Lahaja ikififia hakuna anayeshtuka.

6.0 Hitimisho

Najua pingamizi litakalotolewa: mtazamaji wa Mwanza au wa Kigoma hataielewa Kiamu wala Kikae cha Makunduchi. Jibu ni kwamba tumekuwa tukitazama filamu za Kihindi na za Kichina kwa maandishi ya chini ya picha bila kunung'unika. Tukiweza kusoma maandishi kwa ajili ya lugha ya mbali, hatushindwi kufanya hivyo kwa ajili ya ndugu zetu. Wala sisemi kila mhusika azungumze lahaja. Mhusika aliyesoma Dar es Salaam ana usemi wake, nao ni wa kweli.

Ninachopendekeza ni cha kawaida. Anayekwenda kutafuta mahali pa kupigia filamu aende pamoja na mtu wa isimu au mwanafunzi wa Kiswahili mwenye kinasa sauti. Wakusanye majina ya njia, ya pepo, ya maji na ya vyumba kabla mswada haujafungwa, na mazungumzo ya wahusika wenyeji yapitiwe na wenyeji. Rekodi hizo, pamoja na zile zisizotumika katika filamu, zihifadhiwe na idara zetu za Kiswahili. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nauli ya kikosi. Kwa wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, hapa pana kazi ya miaka mingi, na wazee wanaoweza kuwajibu wanazidi kupungua.