PICHA NI SHAHIDI WA MFANYI KAZI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nanyuki)



Leo hatuzungumzi habari za mshahara, bali habari za picha. Wengi wetu hapa tuna simu mfukoni, na simu hiyo ni kamera. Tufikiri jinsi ya kuitumia.

Wazee wetu wa mashamba ya Nanyuki na Timau walituachia habari za kipande. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, akaitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni. Aliyeandika ndani yake ni tajiri. Ushahidi wote ulikuwa mkononi mwa mwenye nguvu.

Huko Kongo kamera iligeuza jambo hilo. Nchi ile ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na watu walilazimishwa kuleta mpira wa porini. Kijiji kikipungukiwa, kiliadhibiwa kwa bunduki. Mwezi wa Mei 1904, mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika misheni ya Baringa. Alichukua mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Bibi Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, akampiga picha Nsala ameketi, anavitazama viungo vya mtoto wake.

Picha hiyo haikulala sandukuni. Mwaka ule ule E. D. Morel na wenzake walianzisha chama cha Congo Reform Association huko Uingereza. Bibi Harris na mumewe John walizunguka Uingereza na Marekani na taa ya kuonyeshea picha ukutani, wakawaeleza watu. Watu wa Leopold walizoea kukanusha maneno. Kukanusha picha kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawekwa chini ya Serikali ya Ubelgiji. Tusidanganyane: ukoloni haukwisha, wala kazi ya kulazimishwa. Lakini ufalme wa mtu mmoja juu ya nchi ile ulivunjika.

Marekani nako, Lewis Hine alianza mwaka 1908 kuifanyia kazi kamati iliyopinga kazi ya watoto. Alipiga picha za watoto viwandani na migodini, akaandika jina, umri na kazi ya kila mmoja. Kimo chao alikipima kwa vifungo vya koti lake, ili tajiri asiseme ni uongo. Sheria ya nchi nzima ya kuzuia kazi hiyo ilipatikana mwaka 1938.

Ndugu, picha peke yake ni karatasi tu. Picha ya Nsala ilikuwa na jina, na mahali, na chama cha kuipeleka mbele.

Tumeona mwanachama akiumia mkono kazini. Siku ya shauri chombo kilikuwa kimekwisha tengenezwa, na hapakuwa na alama ya jinsi kilivyokuwa. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini ipo, lakini sheria hutaka ushahidi. Kwa hiyo twashauri hivi:

Kwanza, chombo kibovu au bomba la dawa linalovuja lipigwe picha kabla halijaguswa.

Pili, andika siku, saa, mahali na majina ya mashahidi wawili.

Tatu, aliyeumia aulizwe kwanza. Yeye si maonyesho. Sheria ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu.

Nne, mahali simu zilipokatazwa, usijitose peke yako ukafukuzwa kazi. Mwite mjumbe wa chama.

Tano, picha iletwe ofisi ya tawi, isitupwe ovyo kwenye simu za watu.

Kamera moja hunyamazishwa upesi. Kamera mia zenye chama nyuma yake hazinyamazishwi. Umoja ni nguvu.