Hatari Iko Langoni: Kabla ya Kuipeleka Familia Kwenye Sherehe ya Taifa

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walezi wa mitaa ya Eastlands



Kila inapokaribia sikukuu kubwa ya taifa, swali moja huzunguka mitaani kutoka Kaloleni hadi Kayole: twende, au tutazame kwenye runinga? Baba anataka watoto waone kwa macho yao. Nyanya anakumbuka vurugu za mwaka fulani na hataki kusikia. Watoto wenyewe wameshavaa viatu. Mazungumzo haya hayamkatazi mtu kwenda. Nia yake ni kuonyesha mahali hasa ilipo hatari, kwa sababu wazazi wengi huiogopa mahali isipokuwa, kisha wakaingia nayo ilipo bila kujua.

Kwanza, wanaotaka kwenda wana sababu nzuri. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, katika uwanja ulio kando ya barabara ya Lang'ata ambao leo unaitwa Uhuru Gardens, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani. Taa zilipowashwa, bendera ya Kenya ilikuwa inapanda. Watoto waliosimama pale na wazazi wao sasa ni wazee, na hakuna kitabu cha historia kinachoweza kuwanyang'anya usiku ule. Tarehe 30 Desemba 2002, umati ulifurika Uhuru Park hata watu wakapanda miti, ili kumwona Mwai Kibaki akiapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Na tarehe 27 Agosti 2010, siku ya Ijumaa, katika bustani hiyo hiyo, Katiba mpya ilitiwa saini mbele ya wananchi. Katiba hiyo ndiyo iliyozaa serikali za kaunti, hii ya Nairobi ikiwemo. Mtoto wa miaka 5 aliyebebwa mabegani siku ile leo ana kitambulisho na kura.

Wala watu wa Eastlands si wageni wa umati. Uwanja wa Kamukunji uko hapa hapa, na jina lake limeingia katika mazungumzo ya Wakenya kila mahali: wanafunzi wakikutana kujadili jambo lao, wanasema wana kamukunji. Mtu aliyekulia Shauri Moyo au Bahati amezoea kusikia kipaza sauti tangu utotoni. Mazoea hayo ni mazuri, lakini yanaweza kumfanya mtu ajiamini kupita kiasi.

Tarehe 13 Septemba 2022 rais mpya aliapishwa katika uwanja wa Kasarani. Watu walianza kufika usiku. Kabla jua halijachomoza uwanja ulikuwa umejaa, na bado maelfu walikuwa nje wakiamini kwamba wakisukuma kidogo wataingia. Kwenye lango mojawapo umati ulisukuma, ua ukaanguka, na watu wapatao 60 wakaumia. Ndani ya uwanja, waliokuwa wamekaa vitini walikuwa wakiimba na kupunga bendera. Wengi wao hawakujua kilichokuwa kikiendelea nje.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, majirani zetu wa Tanzania walipata msiba mkubwa zaidi. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 21 wakaazi wa Dar es Salaam walimiminika katika Uwanja wa Uhuru kumuaga. Polisi walieleza baadaye kwamba baadhi ya watu walikosa subira wakajaribu kuingia kwa nguvu, na msukumano ukatokea. Watu 45 walikufa. Watano kati yao walikuwa wa familia moja: mwanamke mmoja na watoto wanne. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda kutoa heshima za mwisho, jambo ambalo familia yoyote njema ingefanya.

Visa hivi viwili vinafundisha jambo moja. Watu hawakuumizwa na hotuba ndefu, wala jua, wala kelele. Waliumia walipokuwa wakijaribu kuingia. Mzazi anayekaa usiku kucha akiwaza jinsi watoto watakavyovumilia jua la saa sita anawaza jambo dogo. La kuwazwa ni lango.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Kasarani ina nafasi ya watu wapatao 60,000, na Nyayo kama 30,000. Maana yake ni kwamba hata Kasarani ikijaa wakaazi wa Nairobi peke yao, katika kila watu 73 ni mmoja tu atakayepata kiti. Na siku ya sherehe kubwa wageni hutoka kaunti zote, wengine kwa mabasi ya usiku, wakawa wamefika langoni wakati Umoja na Donholm bado wanachemsha chai.

Watu wengi hudhani kwamba kwenye msongamano mtu huuawa kwa kukanyagwa. Hutokea, lakini mara nyingi mtu hukosa pumzi akiwa bado amesimama. Umati ukizidi watu watano au sita katika kila mita moja ya mraba, mtu hana tena uwezo wa kuamua aende wapi. Miili hugusana pande zote, na msukumo wa mtu aliye nyuma kabisa humfikia wa mbele kama wimbi. Kifua kinabanwa, mapafu hayapati nafasi ya kupanuka. Ndivyo walivyokufa zaidi ya watu 150 katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Itaewon, Seoul, nchini Korea Kusini, mwezi Oktoba 2022. Wengi wao walikuwa vijana wenye nguvu. Sasa mweke hapo mtoto wa gredi ya 2 ambaye kichwa chake kinafika kiunoni mwa watu wazima. Hewa anayovuta ni ya katikati ya makoti. Hakuna anayemwona, na mkono wa mamake, hata ukimshika kwa nguvu namna gani, haumpi pumzi.

Chukueni mfano wa mama wa Buruburu mwenye watoto watatu: mmoja yuko gredi ya 6, mwingine PP2, na wa mwisho bado yuko mgongoni. Mama huyu ana uamuzi wa kufanya jioni ya mkesha, akiwa ametulia, wala si alfajiri akiwa barabarani. Yule wa gredi ya 6 anaweza kwenda, atakumbuka, na siku moja atawasimulia watoto wake. Wa PP2 ni wa kufikiriwa sana. Yule wa mgongoni hana analoenda kuona. Abaki na nyanya au jirani. Wapo wanaosema familia ikienda iende yote. Ni maneno matamu, lakini mtoto wa miezi minane hatakumbuka gwaride. Na ikilazimu mtoto mchanga aende, basi akikaribia lango afunguliwe leso mgongoni ahamishwe kifuani, mama amwone uso na amkingie nafasi ya kupumua kwa mikono yake. Leso ya mgongoni ni ya njiani, haifai langoni.

La pili ni saa. Anayekwenda na watoto ama afike mapema kabisa, malango yakifunguliwa tu, ama asilenge kuingia. Hatari kubwa ni kufika katikati, wakati uwanja unakaribia kujaa na walio nje wameanza kuingiwa na hofu ya kukosa. Kutoka Jericho au Makadara, mwendo wa kwenda Nyayo ni kufuata barabara ya Jogoo hadi uwanja wa City, siku hizi uitwao Joe Kadenge, kisha Lusaka Road. Kwenda Kasarani ni Outering hadi Thika Road. Njia hizi hufungwa siku kama hizo, na matatu huwashusha watu mbali na wanakokwenda. Miguu ya mtoto ihesabiwe kwenda na kurudi.

La tatu ndilo gumu zaidi, na hapa kina baba wasikilize vizuri. Ni kurudi nyuma. Mtu ametoka nyumbani saa tisa usiku, ametembea, amewaahidi watoto, na lango liko hatua 100 mbele. Kugeuka hapo kunaonekana kama kushindwa. Lakini dalili zikionekana lazima ageuke: umati umesimama kabisa na bado watu wanazidi kuja nyuma, mabega yanagusana pande zote mbili, mtu anasogea bila kuamua kusogea, kelele za mbele zimebadilika, si nyimbo tena bali ni vilio. Dalili hizo zikifika zote pamoja, muda wa kuondoka umeshapita. Aondoke kwenye ile ya kwanza, kwa kupita pembeni mwa umati, bila kupambana nao uso kwa uso.

Aliyekwisha kubanwa asipige kelele kumaliza pumzi. Akunje mikono mbele ya kifua kama mwanamasumbwi, mtoto awe juu, kiunoni au mabegani. Afuate wimbi linapomsukuma, na likilegea ajisogeze mshazari kuelekea ukingoni, kidogo kidogo. Kiatu kikivuka, kiachwe. Simu ikianguka, iachwe. Hakuna simu inayostahili mtu kuinama mahali hapo.

Simu yenyewe, kwa kweli, haitasaidia sana. Watu maelfu wakikusanyika mahali pamoja mtandao hulemewa, na kupiga au kutuma pesa huwa shida. Nauli ya kurudi iwe mfukoni, taslimu. Asubuhi kabla ya kutoka, kila mtoto apigwe picha akiwa na nguo alizovaa siku hiyo, maana mzazi aliyepotelewa na mtoto huulizwa rangi ya sweta akaisahau. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, na ya mtu aliyebaki nyumbani iandikwe chini yake. Mahali pa kukutana pawe mbali na lango, kwenye kitu ambacho hakihami: kanisa, kituo cha mafuta, steji. Mtoto aliyetimiza miaka 10 anaweza kufundishwa njia hiyo jioni ya mkesha, arudie mwenyewe mpaka aijue.

Mpango wa serikali nao unaweza kubadilika siku ile ile. Oktoba 2025, Raila Odinga alipofariki, wananchi walitarajia kuutazama mwili wake katika majengo ya Bunge. Tarehe 16, kwa wingi wa watu waliojitokeza tangu uwanja wa ndege, shughuli ikahamishiwa Kasarani. Wengi walibadilisha njia wakiwa barabarani na watoto wao. Huko Kasarani gesi ya kutoa machozi ilitumika, risasi zikasikika, na watu wakapoteza maisha. Familia nyingi za Eastlands zilikuwa na haki kamili ya kuomboleza siku ile, na hakuna anayeweza kuzilaumu kwa kwenda. Ila mzazi mwenye watoto akisikia mahali pamebadilishwa ghafla ajue kwamba na malango, walinzi na huduma ya kwanza navyo vinapangwa upya kwa haraka. Hapo mpango wake wa jana hauna kazi. Heri awarudishe watoto nyumbani kwanza, kisha watu wazima waamue yao.

Na anayebaki mtaani hajakosa historia. Runinga moja ikitolewa kwenye ukumbi wa mtaa au kwenye baraza la duka, majirani wakakusanyika, nyanya wa 1963 akaulizwa maswali na wajukuu huku gwaride likipita kwenye kioo, watoto hupata kitu ambacho waliokaa mbali uwanjani hawakipati: mtu wa kuwaeleza wanachokiona. Uhuru Gardens nako kunaweza kutembelewa siku nyingine, bila umati, mtoto akaonyeshwa pale bendera ilipopanda.

Namba za kuandikwa leo, kabla ya kutoka hapa: 999 au 112 kwa dharura yoyote, 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 116 ni ya kusaidia watoto, na haitozwi malipo. Aliyepotelewa na mtoto uwanjani aanzie kwenye hema la huduma ya kwanza au kwa afisa wa polisi aliye karibu, huku mtu mmoja wa familia akibaki amesimama pale mtoto alipoonekana mara ya mwisho. Maswali yaanze na kina mama walio nyuma, hao wenye watoto mikononi.