Siku Moja Misali
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo wetu, Edgware Road, London)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu wa kike na wa kiume, ndugu na jamaa mliotujia kutoka Maskati, Mombasa, Toronto na Chake Chake, na nyinyi watoto wetu mliojaa safu za nyuma,

Kamati imenitaka nieleze safari ya siku moja tuliyoifanya mimi na mwenzangu katika kisiwa cha Misali, tarehe 5 Februari 2023. Nimeambiwa kuwa vijana wanataka kusikia vituko na wazee wanataka kusikia habari za nyumbani. Kwa bahati siku ile ilikuwa na yote mawili, nami nitasema kwa ufupi ili biryani isipoe.

Kwa wale wasiotujua vyema, mimi nilizaliwa Wete nikaletwa Uingereza nikiwa mtoto. Mwenzangu alizaliwa hapa hapa Paddington, na Kiswahili chake chote alikipata kwa marehemu bibi yake, katika nyumba ya ghorofa ya nne isiyokuwa mbali na ukumbi huu. Chini ya dirisha la bibi yule ilipita Edgware Road, pamoja na maduka yake ya nyama ya halali na mikahawa ya Kiarabu. Juu, bibi alikuwa akipika pweza wa nazi na kuongea Kipemba. Mwenzangu alikuwa amekwenda Pemba mara moja tu utotoni. Safari hii tulikwenda wawili, tukiwa watu wazima, na tuliazimia kupata walau siku moja ya matembezi ya baharini kama wanavyofanya wageni.

Misali iko kiasi cha kilomita 10 magharibi ya Pemba. Ni kisiwa kidogo chenye msitu, mapango na fukwe za mchanga mweupe, na makasa hupanda humo kutaga mayai. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alipofika hapo aliwaomba wavuvi msala wa kusalia. Walipomwambia hawana, akasema kuwa kisiwa chenyewe ni mithali ya msala na kimeelekea kibla, na ndipo kikaitwa Misali. Mwaka 1998 kisiwa na maji yanayokizunguka vilitangazwa kuwa hifadhi, na mwaka 2005 vikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Wavuvi hawakufukuzwa. Huko nyuma walikuwa wakipiga dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, na siku tuliyofika sisi dago lilikuwapo.

Tuliondoka Wesha saa mbili asubuhi kwa mashua yenye mashine na tanga. Nahodha alikuwa mzee wa makamo, mkavu wa maneno. Nilipomuuliza kwa nini ameichagua saa ile, alinijibu: “Sheikh, leo mwezi kumi na nne. Maji ni bamvua. Yalijaa alfajiri, sasa yanapwa, yatatutoa nje bila taabu. Saa nane yatakuwa yanajaa, yatatuingiza ndani.” Vijana wetu nawaomba mkumbuke maneno haya. Wakati wa bamvua, kina cha maji kwetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne kwa muda wa saa sita, na mtu anayeijua saa hubebwa na bahari kwenda na kurudi.

Ya asubuhi nitayapita haraka, kwani picha zake zimebandikwa ukutani hapo nje. Tulivaa miwani ya kuzamia tukaogelea juu ya matumbawe. Tuliona pono wakitafuna mawe kwa sauti inayosikika, na makundi ya samaki wa manjano yakipita kama kanga zilizoanikwa kwenye upepo. Kisha tulifika mahali ambapo mwamba unakatika ghafla na chini yake ni buluu tupu, kwa sababu mkondo uliopo kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Mwenzangu aliushika mkono wangu kwa nguvu, wala sitasema ni nani kati yetu aliyekuwa akimtuliza mwenziwe.

Saa nane tulikuwa tayari kuondoka. Hapo wakaja mbio watu wa dago. Kijana wao, hajapata miaka ishirini, alikuwa amechomwa mwiba na taa katika kifundo cha mguu. Walikuwa wamemtia mguu katika maji ya moto, nayo ndiyo tiba ya kwanza kwa sumu ya taa, lakini jeraha lilikuwa kubwa na lilihitaji hospitali. Nahodha alitutazama kwa kutuuliza. Mwenzangu alijibu kabla yangu: “Baba, tumngojee.” Maumivu yalichukua muda kupungua na damu ilichukua muda kukatika, na tulipompakia yule kijana pamoja na ami yake ilikuwa imeshafika saa kumi. Maji yalikuwa yamejaa tele, na muda si muda yangeanza kupwa.

Mashine ilituzimikia katikati ya njia. Nahodha alivuta kamba mara ishirini au thelathini, akafungua hiki na kusafisha kile, isiitike. Tuliiona Pemba mbele yetu, kijani kibichi, na tuliiona pia ikienda mbali. Maji yaliyokuwa yakitoka katika ghuba ya Chake yalikuwa yakitusukuma magharibi, kuelekea ule ubuluu tuliouona asubuhi, na upepo wa kaskazi ulikuwa ukitupiga usoni.

Nahodha hakupaza sauti. Alipandisha foromali, akatweka tanga, akaanza kubisha. Sisi wakazi wa mji huu tumezoea Edgware Road, njia iliyonyooka tangu zama za Warumi, ambayo mtu akiifuata tu atafika. Bisho si hivyo. Chombo kilikwenda kusini mpaka nikadhani tumeiacha bandari, kisha kikageuka kikaenda kaskazini, kisha kusini tena, na kila mgeuzo ulitupatia hatua chache tu za mashariki. Mawimbi yalikuwa yakipanda omoni na kumwagika ndani, maji yakafika vifundoni, na kijana mgonjwa alilazwa juu ya ubao ili jeraha lisilowe.

Hapo nahodha akasema neno moja: “Fueni maji!”

Mimi nilikuwa bado natafakari namna maji yanavyofuliwa, kwani kufua nilikokujua mimi ni kwa nguo. Mwenzangu alikuwa ameshalichukua dumu lililokatwa nusu na anayachota maji kuyatupa nje. Lile neno alikuwa nalo. Bibi yake, kila mashine ya kufulia ilipovuja ikafurika jikoni, alikuwa akipiga makofi na kuwaambia wajukuu: “Haya, mabaharia, fueni maji, chombo kinazama!” Watoto wakicheka, wakichota kwa vikombe na kumimina katika sinki. Kwao ulikuwa mchezo wa bibi. Bibi mwenyewe alikuwa mtoto wa nahodha wa jahazi, na neno lile alilichukua kwao akaja nalo London, akalitia katika mikono ya mjukuu wake bila ya kumwambia kuwa ni la kazi gani.

Tulifua maji kwa zamu zaidi ya saa tatu. Jua lilikuchwa nyuma yetu, na mbele yetu, juu ya Pemba, ukatoka mwezi kumi na nne. Ami yake yule kijana, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, alinyoosha mkono kaskazini-magharibi akasema: “Kule ndiko Shimoni.” Hakuongeza neno, na nahodha aliinamisha kichwa.

Wazee mnajua kwa nini. Kwa ajili ya watoto, nitaeleza. Tarehe 27 Januari 2001 yalifanyika maandamano Unguja na Pemba, na watu waliuawa kwa risasi. Katika siku zilizofuata, Wapemba wapatao 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vidogo wakakimbilia Shimoni, nchini Kenya. Wengine baadaye walirudi kwao, na wengine njia ziliwatupa mbali zaidi. Bahari ile ile tuliyoiingia sisi kwa matembezi, wao waliiingia kwa kuokoa roho.

Tulifika Wesha baada ya saa mbili na nusu usiku. Maji yalikuwa yamekupwa sana, tukateremka na kutembea katika tope, watu wanne wakimbeba mgonjwa. Alipelekwa hospitali usiku ule ule, na namshukuru Mungu kwamba amepona na amerejea kazini. Nahodha alikataa kupokea zaidi ya nauli tuliyopatana. Alimwambia mwenzangu: “Mwanangu, wewe siku nyingine huji kama abiria.” Nimemsikia akisifiwa mengi hapa London, lakini sijamwona akifurahi kama alivyofurahi kwa maneno yale.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Tuliporudi Uingereza tulilisimulia jambo hili nyumbani mbele ya jamaa. Mjomba wetu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na amenipa ruhusa niseme, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo: “Mimi nilifua maji usiku mzima kwa kopo la maziwa.” Tulinyamaza sote. Mtu huyu tumekaa naye miaka zaidi ya ishirini. Tunajua timu anayoishabikia na sukari anayotia katika chai. Watoto wake hawakuwa wakijua kwamba alivuka kwenda Shimoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na neno la kumfungulia mlango. Usiku ule alizungumza mpaka alfajiri, na mwanawe mkubwa alikaa karibu naye kuliko nilivyopata kumwona akikaa.

Ndugu zangu, sisi tumetawanyika, na kutawanyika kwetu hakutakwisha leo. Watoto wetu watasoma huku na kuoa huku. Lakini Kiswahili tunachowapa mara nyingi ni cha kuombea chakula na kusalimia wageni, na maneno mengine yote tunayaweka kama vyombo vya kabatini. Tunajiambia kuwa nahau za baharini hazina kazi Edgware Road. Na haki ni kwamba hakuna ajuaye ni neno lipi litakalohitajiwa, wala na nani, wala katika maji gani. Bibi yule hakupanga kumfundisha mjukuu ubaharia. Alizungumza tu, kila siku, kwa lugha yake kamili, wala hakuipunguza kwa sababu ya mtoto.

Kwa hivyo nina maombi mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, wazee wetu wasituonee huruma. Semeni nasi Kiswahili chote, pamoja na yale maneno magumu na yale machungu, na vijana wenye simu wakae nanyi wayarekodi mngali hai. La pili, kila mwana wa ukoo huu atakayekwenda nyumbani kwa mapumziko atoe walau siku moja awe pamoja na watu walio kazini: mvuvi, mchuma karafuu, mwenye shamba la mwani. Asiende kupiga picha tu, aende akaulize majina ya vitu na kushika kazi kwa mikono yake. Kamati ikikubali, mimi na mwenzangu tuko tayari kuwaongoza vijana wa kwanza, na nahodha ameshasema kuwa mashine ameinunua mpya.

Maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa. Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na atukutanishe tena kwa kheri.