Jina la Unyamwezi Limetoka Wapi?

Leo nitanena nanyi habari za jina ambalo kila mtu alijua, lakini asili yake watu hawajapatana. Jina hilo ni Unyamwezi, nchi iliyouzunguka mji wa Tabora, na wenyeji wake ndio Wanyamwezi. Mzee akiulizwa hunena hivi, mwalimu hunena vile, na mtoto huduwaa katikati. Basi tuzipime kauli zao moja moja, kama pembe za ndovu zilivyopimwa kwa mizani zamani za misafara, tuone ipi nzito.

Kauli ya kwanza ni ya mfalme. Stanley, aliyefika Unyanyembe mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, aliandika masimulizi aliyoyasikia, ya kwamba nchi ile zamani iliitwa Ukalaganza, na mfalme wake mkuu aliitwa Mwezi. Kwa ajili yake nchi ikaitwa Unyamwezi. Masimulizi haya yapendeza, maana yampa kila Mnyamwezi bwana mmoja wa kale. Walakini wasafiri wa zama zile waliikuta nchi imegawanyika sana, kila sehemu na mtemi wake: Unyanyembe, Uyui, Ulyankulu, na nyingine nyingi. Mirambo, aliyekufa mwaka 1884, alizishika nyingi kwa vita, lakini jina lilikuwako kabla yake.

Kauli ya pili ni ya vitabu. Mwaka 1591 kilipigwa chapa huko Roma kitabu cha Pigafetta, chenye habari za Mreno Duarte Lopes, na ndani yake yatajwa milki ya Moenemugi iliyo bara. Wako waliosema kuwa hiyo ndiyo Unyamwezi. Lakini Lopes alikaa Kongo, upande wa bahari ya magharibi, na habari hiyo aliisikia tu. Jina lililopita vinywa vingi hivyo haliwezi kuwa shahidi wa kutosha.

Kauli ya tatu ni ya pwani, na hiyo ndiyo iliyopata watu wengi. Mtu wa Bagamoyo anapotazamia mwezi mwandamo huipa bahari kisogo, akaelekeza uso wake bara, kwa kuwa mwezi mchanga huonekana magharibi baada ya jua kutua. Na kutoka upande huo huo wa mwezi ndiko walikokuja watu wenye kuchukua pembe mabegani, waliotembea miezi mingi kwa miguu. Basi wakaitwa Wanyamwezi, yaani watu wa upande wa mwezi.

Labda mtu atauliza, “Mbona Wagogo nao wako magharibi ya Bagamoyo, wala hawakuitwa hivyo?” Swali jema. Wagogo walikuwa watu wa njiani, waliojulikana kwa jina lao na kwa hongo waliyoitoza misafara. Hawa wengine walikuwa watu wa mwisho wa safari, na mtu wa pwani hakuona nchi zao moja moja. Aliona upande tu.

Tena desturi hii si ya pwani peke yake. Katika lugha ya Wanyamwezi wenyewe, sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Mtu wa Tabora humwita mwenzake wa Mwanza Msukuma, maana yuko kaskazini kwake. Naye Msukuma humwita yeye Mdakama, maana yuko kusini. Na magharibi kwao ni mweli, neno lililo karibu sana na mwezi kwa sauti. Kwa hiyo mimi naona kauli ya tatu ndiyo nzito. Jina la namna hii latuonyesha mahali aliposimama aliyelitoa kuliko asili ya yule aliyepewa.

Sasa nafika penye uchungu. Nimewasikia vijana wakisema, “Ikiwa jina letu tulipewa na wengine, basi sisi si watu wamoja.” Si hivyo, wanangu. Ni kweli kwamba nyumbani mtu alijiita kwa nchi ya mtemi wake. Lakini akiisha kushika njia ya Bagamoyo, aliyelala naye kambini na kula naye chungu kimoja alikuwa ndugu yake, hata kama watemi wao walikuwa na ugomvi. Zamani zile kijana asiyepata kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Alikwenda na mzigo, akarudi na nguo, na jina la Mnyamwezi akarudi nalo pia. Wapwani walilitoa, labda kwa dharau kidogo. Wachukuzi wakalitukuza kwa nguvu ya miguu yao, hata likajulikana toka Zanzibar mpaka Ujiji.

Mtoto hajipi jina, wala hatumwambii kwamba si lake kwa sababu alipewa. Lake ni lile analoitikia.

Nawaombeni neno moja, hasa ninyi mnaosoma shule. Waulizeni wazee wenu majina ya nchi za watemi wa kale, yale yaliyotumika nyumbani kabla ya mtu kufika pwani, mkayaandike. Jina kubwa lina watu wengi wa kulilinda. Majina madogo hufa pamoja na wazee.