Mkoba wa Dawa Unaofika Ikola

Mazungumzo na viongozi wa walei



Wapendwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, makatekista, akina mama na akina baba mliofika kutoka vijiji vya ufukweni,

Huenda mada ya leo ikaonekana kuwa ya watu wa mjini. Ni nani miongoni mwetu hapa Ikola aliyewahi kumwona mwakilishi wa mauzo wa kampuni ya dawa? Yeye huishia Mpanda, na shati lake lililopigwa pasi, na mkoba wake uliojaa sampuli na vipeperushi. Lakini kazi yake hushuka hadi ziwani hata kama yeye hashuki. Husafiri ndani ya katoni, juu ya lori lile lile litakalorudi na migebuka na dagaa wetu.

Katika Kamati yetu yumo ndugu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka minne. Ameomba jina lake na la kampuni lisitajwe, nasi tunamheshimu. Aliyotusimulia ndiyo yaliyotusukuma kuzungumza nanyi.

Kijana huyo alisomea tiba. Alipomaliza masomo hakupata ajira, na kampuni ikamchukua. Alikabidhiwa eneo la kuzungukia, orodha ya matabibu na maduka ya jumla ya kutembelea, na kiasi cha mauzo anachopaswa kufikisha kila mwezi. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo. Kilicholisha familia yake ni kamisheni. Asipofikisha kiasi, alilala katika nyumba za wageni kwa fedha yake, akajaza mafuta ya pikipiki kwa fedha yake, na mkataba wake, uliokuwa wa miezi sita sita, ukawa mashakani. Alijua dawa zake vizuri, na alijua pia ni dawa gani ya bei nafuu ingemtosha mgonjwa. Hilo la pili hakuajiriwa kulisema.

Naye akaingia katika desturi aliyoikuta. Kwa tabibu mmoja alipeleka kalamu na kalenda, kwa mwingine chakula cha mchana, na kwa mwenye duka ahadi kwamba akinunua katoni kumi atapata moja bure. Alipoingia mlangoni, swali la kwanza lilikuwa: "Leo umetuletea nini?"

Siku moja alirudi Ikola kwa msiba. Katika duka la dawa akaiona chupa ya dawa ya kikohozi aliyoisifia Mpanda kwa miezi mingi, na mbele ya meza alisimama mama mmoja wa jumuiya yao, akifungua pindo la khanga kutoa fedha ya dagaa. Mtoto mgongoni alikuwa akihema kwa kasi, mbavu zikibonyea ndani. Ndugu yetu akatambua mara moja kwamba hicho si kikohozi cha kutulizwa kwa sharubati tamu, bali ni dalili za nimonia. Mama alikwisha maliza chupa ya kwanza. Hiyo ilikuwa ya pili. Siku tatu zilikuwa zimepita. Wakamkimbiza mtoto kwenye kituo cha afya, akatibiwa, na kwa neema ya Mungu akapona. Fedha ya chupa hizo mbili ingetosha kununua amoksilini, dawa ya kawaida kabisa ya ugonjwa ule, na ikabaki.

Je, ni nani aliyekosa hapo? Muuzaji aliuza alichoambiwa kuwa ni kizuri. Mama alinunua alichopewa. Mwakilishi hakuwa amesema uongo. Chupa ile yafaa kwa kikohozi chepesi. Kila mmoja alifanya sehemu yake tu, na hesabu ikaangukia mgongo wa mtoto.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1978 Daktari John Yudkin, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Tanzania, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba makampuni ya dawa yalikuwa na mwakilishi mmoja hapa nchini kwa takriban kila madaktari wanne, wakati huko Uingereza mmoja alihudumia madaktari wapatao thelathini. Nchi maskini ndiyo iliyopata washawishi wengi zaidi! Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani likatoa maadili ya utangazaji wa dawa. Nasi tumepata sheria na vyombo: Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na usimamizi wa ubora wa dawa uko mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hayo ni mema. Lakini sheria haikai mezani pamoja na tabibu anapopokea zawadi.

Hatukuja hapa kumtukana mwakilishi. Wengi wao ni watoto wetu, tuliowasomesha kwa kuuza nyavu na mpunga. Mtu anayelipwa kwa kadiri ya chupa alizosukuma amewekwa mahali ambapo dhamiri yake inamgharimu mkate wa wanawe. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wa haki hautegemei mapatano peke yake, kwa sababu mwenye shida hukubali lolote. Basi, tunapodai haki ya mgonjwa, tudai pia kwamba kijana huyu alipwe mshahara unaomwezesha kusema kweli.

Wazee wetu wa mwambao huu walimfahamu tabibu wa namna nyingine. Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea tiba Malta, alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa pande hizi hadi alipofariki mwaka 1956. Hatuwezi kudai kila tabibu awe Atiman. Twaweza kudai asiandike dawa kwa ajili ya kalenda.

Kamati imekubaliana kuanza na mambo madogo. Mgonjwa au mzazi aulize jina halisi la dawa, si jina la biashara tu, na aulize kama ipo nyingine yenye jina hilo kwa bei nafuu. Mtoto anayehema kwa kasi apelekwe kwa tabibu kwanza, si dukani. Asiye na fedha ya dozi nzima aseme waziwazi, badala ya kununua nusu. Nusu dozi ndiyo inayozoesha vijidudu dawa, na aibu yetu ndiyo inayotunyamazisha.

Wenye maduka tumewaalika kwa heshima, wala si kwa mashtaka. Ndugu yetu ameahidi kuketi nao. Kila jumuiya itunze risiti za dawa kuanzia leo na kuzikabidhi kwa katibu kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asiyepewa risiti aandike siku, jina la dawa na bei kwenye karatasi yoyote, hata ya daftari la mtoto.