KAZI WALIZOTUACHIA MAMA ZETU

Maneno ya mshonaji mmoja mbele ya akina mama wa Naguru, Kampala, siku ya kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani



Nimeombwa niseme juu ya ushonaji. Mimi si mtu wa jukwaani, mkono wangu umezoea sindano, basi mtanivumilia.

Vita ilipoingia Bukavu mwaka 1996, mama yangu alitoka na watoto watatu na mzigo mmoja wa kichwani. Alifika Kampala na watoto wawili. Tulipanga chumba hapa hapa Naguru, katika zile nyumba za zamani zilizojengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya wafanyakazi, na humo ndimo alimoanza kushona mfarishi wa vipande vya vitenge. Nyumba zilipobomolewa Julai 2011 tulitoa godoro, masufuria na sanduku la bati. Mfarishi ulikuwa ndani ya sanduku. Mama alifariki mwaka 2019, akauacha haujaisha.

Kwa miaka miwili sikulifungua sanduku lile. Kaka yangu alisema tuuze vile vipande, maana kodi ya nyumba haingoji kilio. Sikumlaumu. Sisi tunaokaa mjini hatupangi foleni ya posho kama wenzetu wa kambini, kila mmoja anakula jasho lake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi hapa Uganda, lakini ruhusa haijazi sufuria.

Siku niliyofungua nikahesabu. Mama alipanga vipande 99, tisa kwa upana na kumi na moja kwa urefu, kila kimoja sentimita 20 kikishashonwa. Alikuwa amemaliza 61. Chini kabisa nikakuta gauni la marehemu mdogo wetu, limekunjwa na kubanwa kwa pini. Mama alikata vitenge vyake vyote, hata kile cha harusi, lakini gauni lile mkasi haukuligusa.

Nami sikulikata. Nililitandaza zima katikati, likachukua nafasi ya vipande vinne. Wako watakaosema nimeharibu mpango wa mama. Huenda. Vikabaki vipande 34. Nikajiwekea viwili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, watoto wakishalala. Wiki kumi na saba nikawa nimemaliza upande wa juu.

Nitaje na makosa, maana ndiyo yenye faida kwenu. Kwanza nilianza kufumua mishono ya mama ili yote ifanane na yangu. Nilifumua mistari miwili nikaona aibu, nikaacha. Mkono wake ulikuwa wa mishono midogo, wangu ni mirefu, na anayetazama anaona wapi yeye aliishia. Pili, nilipata kitenge chekundu kipya nikakishona bila kukifua. Kilipoingia majini kikachuja rangi, kikanywea, na majirani zake wakawa waridi. Fua kwanza, anika, piga pasi, ndipo ukate. Kata sentimita 22, kila upande ubaki na sentimita moja ya mshono. Kata kwa kufuata kipande cha boksi, usitumie macho. Halafu tandika bitana chini, blanketi kuukuu katikati, vipande juu, upige bandi kwanza kabla ya kushona moja kwa moja. Vitambaa si lazima kununua: mafundi wa Kiyembe hutupa mabaki kila jioni, waombe kwa adabu na uende na mfuko wako.

Dada mmoja hapa aliniuliza: jirani yangu alikwenda Marekani akaniachia kitambaa cha meza alichokidarizi nusu, nikimalize? Nilimjibu ampigie simu amwulize. Kazi ya aliye hai ina mwenyewe. Na kama una kazi ya marehemu inayokuumiza kuitazama, iache sandukuni, hakuna atakayekudai.

Sasa la mbele. Tuko washonaji kumi na wawili, na mashine zinazofanya kazi ni tatu. Wengine wanataka tuahidi mifarishi mia moja ya kuuza. Mimi nakataa. Naomba tuanze na midogo ya watoto wachanga, vipande vitano kwa sita, yaani 30 tu. Kuna wenzetu wanne watakaojifungua kabla ya mvua za Machi. Kila mshonaji akileta vipande kumi, tunapata 120, ndiyo mifarishi minne kamili. Ya kuuza tutaizungumza baadaye, tukishajua nani kati yetu anamaliza anachoanza.

Mfarishi wa mama nimeuleta, uko pale juu ya benchi. Mje mwushike. Pindo la upande mmoja bado, nitalimalizia Ijumaa.