Mtu Ahukumiwe kwa Tendo Lake

Ndugu wapendwa, nanyi ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko huu, msiba tunaouzungumza umeingia katika nyumba zetu sote.

Watu wa Rufiji wanaijua tangu zamani sheria inayomtazama mtu kabla ya kulitazama tendo lake. Amri ya Serikali ya Kijerumani ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika ahukumiwe viboko. Mwarabu na Mhindi walisamehewa adhabu hiyo, na Mzungu alikuwa na sheria yake. Chini ya utawala huo, Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro.

Ubaguzi huo wa rangi ulifutwa. Ibara ya 13 ya Katiba yetu yatamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba mshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Je, twaishi hivyo?

Tukumbuke mwaka 2017. Viongozi wa vijiji waliuawa Kibiti na Rufiji, na tarehe 13 Aprili askari polisi wanane waliuawa. Damu yao yadai haki, wala asiwepo wa kuwatetea wauaji. Lakini katika msako uliofuata, kutoka Kibiti tu kulitosha kumtia mtu mashakani. Familia nyingi zilisema ndugu zao walichukuliwa wasirudi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeandika juu ya mauaji hayo, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, hajaonekana tena.

Ibrahimu, baba wa imani yetu na yenu, alimwuliza Mungu kama atamwangamiza mwenye haki pamoja na mwovu. Swali hilo ndilo letu. Kijiji hakitendi jinai; mtu ndiye atendaye, na asiyefikishwa mahakamani hawezi kujulikana kama ana hatia au hana.

Mwaka 2023 Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilitoa mapendekezo ya kuboresha haki jinai. Tusiyaache yafie makabatini. Tudai kila akamatwaye aandikwe, jamaa zake waambiwe alipo, afikishwe mahakamani kwa wakati, na malalamiko dhidi ya askari yachunguzwe na chombo kisicho cha askari wenyewe.

Mama anayemngoja mwanawe haombi upendeleo. Aomba jibu. Amani ya Kibiti haitakamilika kabla hajajibiwa.